Mkono Ukiwa Ndani ya Kioo

Wanangu mnaoingia maabara mwaka huu, nianze na jambo ambalo wastaafu wengi hulificha: mimi ni mwoga. Sisemi hivyo ili mnione mnyenyekevu. Nasema woga wenyewe, ule wa viganja kulowa jasho. Nimekuwa fundi sanifu wa fizikia hapa chuoni, pembeni ya Moshi mlima unapoanza kupanda, tangu nikiwa msichana mwepesi wa miguu hadi magoti yalipoanza kulalamika. Hakuna asubuhi hata moja niliyowasha mashine ya umeme mkubwa bila moyo kunienda mbio. Mtaambiwa kwamba woga utaisha mkishazoea. Wangu haukuisha, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Wageni wakija kututembelea walikuwa wanashangaa kwa nini naogopa kitu kizuri vile. Na kweli ni kizuri. Unachukua chombo cha kioo cha mviringo, kipana kama kopo la maziwa ya unga lakini kirefu zaidi, unakiziba huku na huku kwa vifuniko vya chuma, unavuta hewa iliyomo kwa pampu mpaka ibaki kidogo sana, halafu unaipitishia umeme. Hiyo hewa iliyobaki inang'aa. Haiungui wala hailii, imetulia tu, na rangi yake ni ya waridi inayokaribia zambarau. Wanafunzi wakiiona mara ya kwanza wanatoa simu kupiga picha. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yao nikiangalia mikono: wa nani uko wapi, na wa nani umeanza kusogea.

Aliyenitia woga huo ni Fundi Temu, mzee mfupi wa Marangu aliyekuwa mkuu wa maabara nilipoajiriwa. Siku zile za mwanzo nilikuwa na kiherehere, natamani kushika kila kitu. Hakunigombeza. Asubuhi moja alikuja na ndizi mbichi kutoka kihambani kwake, kwenye migomba ya nyumbani, mshare nene ya kupikia, akaichomeka waya kila ncha, akanirudisha nyuma mpaka ukutani, akawasha. Ndizi ikaanza kuchachatika kama mafuta kwenye kikaango. Moshi ukafuka pale waya zilipoingia, ganda likawa jeusi, chumba kikajaa harufu mbaya ya kitu kibichi kinachoungua. Akazima, akazigusa zile waya kwa fimbo ya ethi, yenye waya unaoshuka ardhini, ili kumaliza umeme uliobaki, ndipo akanigeukia.

"Umeona, binti?"

"Nimeona, fundi."

"Umeme umepita humo kwa sababu ndizi ina maji. Wewe una maji mengi kuliko ndizi."

Alikwenda kuitupa ile ndizi nje, mimi nikabaki nimeegemea ukuta. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikuweza kula ndizi. Sasa fikirieni nyumba ya Old Moshi: mtori mezani, ndizi nyama mezani, za kuchoma mezani, na msichana mzima anasukuma sahani pembeni. Mama yangu aliniangalia kwa jicho la pembeni siku kadhaa, mwisho akaniita jikoni akaniuliza mimba ni ya nani.

Somo lake la pili lilikuwa mkono mmoja mfukoni. Ukikaribia umeme mkubwa, mkono wa kushoto unauficha kwenye mfuko wa koti na unauacha huko. Maana ukigusa kwa mkono mmoja peke yake unaweza kuungua kidole ukapona. Lakini ukiwa umeshika chuma kwa mkono wa pili, umeme unaingia huku na kutokea kule, na katikati ya mikono miwili kuna moyo. Fundi Temu alikuwa ameshika sheria hiyo mpaka ikamshika yeye. Mkewe alinilalamikia siku moja tumekutana kanisani: "Mnamfundisha nini mume wangu huko? Hata chakula anapakua kwa mkono mmoja, mwingine uko mfukoni kama askari kanzu." Nilicheka, lakini jioni ile nilipokuwa nachochea kuni nilijikuta na mimi nimeuficha wangu kwenye khanga.

Sasa niwaeleze habari ya elektrodi yenye shimo, kwa sababu ndiyo iliyoleta kisa ninachotaka kuwasimulia.

Elektrodi ya kawaida, yaani kile chuma kinachoingiza umeme ndani ya kioo, ni bapa, kama kifuniko cha chupa. Hii yetu ilikuwa kama kikombe kirefu cha aluminiamu, imefungwa ndani kabisa kwenye ncha moja ya kioo, mdomo wake ukitazama katikati. Hewa ikiwa bado nyingi, mwanga unazungukazunguka nje ya kikombe, dhaifu. Unaendelea kuvuta hewa taratibu. Kuna mahali fulani, ukizidisha kidogo umepapita, ambapo mwanga wote unazama ndani ya kikombe. Shimo linajaa weupe wa bluu, sindano ya mita ya mkondo inaruka, na volti zinashuka zenyewe. Daktari, ndivyo tulivyomwita mhadhiri wetu wa fizikia, alikuwa akieleza kwamba elektroni zinanaswa mle: ukuta huu unazisukuma, ule unazirudisha, na kila zikipita zinaamsha nyingine. Wanafunzi walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa natazama mkondo unavyopanda pasipo mtu kugusa kitu, na nywele za shingoni zikinisimama.

Mambo madogo ya kazi hii nitawapa jinsi yanavyonijia. Sikilizeni pampu. Ikianza inakoroma na kumeza hewa nyingi, kisha sauti inapungua, na ikibaki ile ya kugongagonga kwa ndani, hewa imekwisha. Ikiendelea kukoroma kuna mahali panavuja. Kutafuta panapovuja, chukueni brashi ndogo yenye spiriti mpake kwenye maungio, moja baada ya jingine, huku mkiangalia mwanga. Ukifika penye ufa, spiriti inavutwa ndani na rangi inapauka ghafla. Grisi ya maungio muipake nyembamba, mtu asijue kama ipo. Elektrodi msiiguse kwa kidole kitupu, jasho lenu litawasumbua hadi wiki ijayo. Na mwanga ukigeuka kuwa cheche kali inayorukaruka, msianze kuulizana imekuwaje. Shusheni volti kwanza, maulizo baadaye.

Halafu kuna umeme kukatika. Vitabu vyenu havina sura hiyo, lakini hapa kwetu mtaisoma mara nyingi kuliko sura nyingine zote. Pampu ikizimika ghafla, ile hali ya utupu ndani ya kioo inavuta mafuta ya pampu kuyarudisha nyuma. Usipowahi kufunga vali na kuiachia pampu hewa, mafuta yanapanda kwenye bomba hadi kwenye kioo. Elektrodi ikishapata mafuta, mwanga unakuwa na mabaka, mita zinachezacheza, na vipimo vya wiki nzima ni vya kutupa. Kwa hiyo niliwafundisha wanafunzi wangu wote: umeme ukikatika, mtu asikimbilie dirishani kuangalia kama ni kwetu tu au ni mji mzima. Akimbilie vali. Walilishika hilo vizuri sana.

Kuna lingine wanalolijua bila kufundishwa na mtu. Umeme ukikatika nyumbani kwenu, mnazima swichi? Hamzimi. Mnaacha moja ili mjue ukirudi. Bibi anaacha taa ya jikoni, kinyozi anaacha mashine yake, mwenye saluni anaacha redio. Ukirudi taa inawaka, redio inaanza kuimba, na mtaa mzima unapiga kelele: "Umerudi!" Hata mtu mwenye suti na tai anapiga kelele. Ni furaha ambayo kila mtoto wa hapa amezaliwa nayo. Mimi kelele hiyo inanitia baridi mgongoni, na sasa nitawaambia kwa nini.

Upendo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Baba yake alitoka mkoa mwingine kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha sukari kule bondeni, na binti alikulia huko kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuwa na mdomo, ana haraka, anacheka kwa sauti, na akili yake ilikuwa inawaka. Mwenzake wa mradi alikuwa Godlisten, kijana wa kwetu Old Moshi, mpole, mtu wa kusema shikamoo hata kwa simu kabla hajapokelewa. Walikuwa wanapima jinsi kina cha kile kikombe kinavyobadilisha mkondo. Daktari alikuwa amemwambia Upendo kwamba vipimo vikitoka safi, kuna nafasi ya kuendelea na masomo nje, naye atamsemea. Nyumba yao nzima kule bondeni ilikuwa inaisubiri nafasi hiyo.

Na kioo chenyewe kilikuwa kimoja tu. Daktari alikileta kutoka ng'ambo amekipakata kwenye ndege, amekizungushia sweta lake. Aliyekitengeneza alikuwa mzee wa kupuliza vioo ambaye alishaacha kazi. Tulikuwa tunakishika kama mtoto mchanga.

Wiki iliyotangulia umeme ulikatika, wakachelewa kidogo, tone la mafuta likaingia. Upendo alilia siku ile. Walisafisha, wakaanza upya, akaapa kwamba mafuta hayatamharibia tena kazi yake.

Siku ya kisa ilikuwa mchana, wingu limeshuka mpaka kwenye paa za madarasa. Nilikuwa nimetoka kwenda stoo ya nyuma kuchukua spiriti. Nikasikia pampu inazimika, na feni ya ofisi ya jirani nayo inakata pumzi. Umekatika. Nikachukua chupa yangu nikarudi taratibu, bila wasiwasi mwingi, maana vali wanaijua.

Nilipofika mlangoni nikaona hivi. Vali imefungwa, pampu imepewa hewa, fimbo ya ethi imetumika na kurudishwa mahali pake ukutani. Vyote vimefanywa kama nilivyofundisha. Godlisten amesimama kando ya dirisha. Upendo yuko kwenye meza upande wa mlango, amekiachia kioo hewa, amefungua kifuniko chake na kuingiza mkono wa kulia wote, mpaka kwenye kiwiko, anasugua ndani ya kile kikombe kwa kitambaa. Mkono wa kushoto ameshikilia fremu ya chuma ya meza, ambayo imefungwa waya wa ethi. Na kule mwisho wa meza, kwenye kisanduku cha umeme mkubwa, swichi imewashwa. Kitufe cha volti kiko palepale walipokiacha wakati mwanga umejaa shimoni.

"Upendo, toa mkono," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu mwingine.

"Subiri Mama Aika, kuna kitone kimeingia tena. Namalizia tu hapa."

"Swichi! Swichi imewashwa!"

Godlisten akajibu kwa adabu zake zote: "Tumeiacha makusudi, Mama. Mchana huu taa za juu hatujawasha. Ile nyekundu ya kwenye kisanduku ndiyo itakayotuonyesha ukirudi."

Mnaelewa alichosema? Alikuwa amefanya kile ambacho mama yake hufanya, na bibi yake, na mimi mwenyewe jikoni kwangu. Ameacha moja ili wajue. Na kijitaa alichokichagua kiwe kengele yao kilikuwa kinawaka pamoja na umeme unaokwenda moja kwa moja kwenye kikombe alichokishika mwenzake.

Nikafungua mdomo nimweleze. Hapo ndipo niliposikia, kutoka mabwenini kule chini, sauti nyingi kwa pamoja: "Umerudiiii!"

Chuo chetu kimejengwa kwenye mteremko na kina laini mbili za umeme. Ya chini, ya mabweni na jiko, hutangulia kurudi. Ya kwetu juu hufuata. Kuna siku unaweza kunywa chai hapo katikati, na kuna siku huwezi hata kupiga chafya. Wapishi nao wakapokea kelele. Niliona kama umeme unapanda kilima na miguu yake, na mkono wa yule mtoto bado uko ndani.

Sijui kama nilifikiri. Kisanduku kilikuwa mbali, kule mwisho wa meza karibu na ukuta, na njia ilikuwa na viti virefu na mikoba yao. Upendo alikuwa karibu. Niliiachia chupa ya spiriti ikapasuke itakavyo, nikamkamata ukosi wa koti kwa mkono mmoja na kiuno kwa mwingine, nikasema "Ruwa wangu!" kwa lugha ya mama yangu, maana Mungu nilimwita kwa jina nililolijua kwanza, nikamvuta. Nimekua nikibeba mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare hadi Old Moshi, na nguvu zote za majani yale nilizitoa pale. Tukaanguka sakafuni wote wawili. Kioo kikachomoka kwenye stendi kikatufuata.

Sauti ya kioo kile kuvunjika haikuwa kubwa. Kilikuwa chembamba.

"Zima!" nikamwambia Godlisten. "Zima, zima, zima!" Akaruka viti, akazima. Nikabaki nimelala juu ya Upendo nimefumba macho, nikisubiri pampu ingurume, kwa kuwa swichi ya pampu nayo walikuwa wamesahau kuizima. Nilisubiri. Kule chini redio ilikuwa inapiga muziki. Nilisikia moyo wa Upendo unapiga chini ya mkono wangu, nikasikia na wangu. Pampu haikunguruma.

Upendo ndiye aliyeinuka kwanza. Alikuwa na mkwaruzo kidogo kwenye kifundo cha mkono, basi. Alitazama sakafu. Akachutama, akaanza kuokota vipande, akiviunganisha viwili viwili kama vitakubali.

"Mama Aika, umefanya nini?"

Nikamwambia umeme umerudi, umerudi chini, ulikuwa unakuja.

"Uko wapi?" Akasimama. "Nionyeshe huo umeme uko wapi!" Akapita viti vile kwa hasira, akafika kwenye kisanduku, akaiwasha swichi. Kitaa chekundu hakikuwaka. Akaizima, akaiwasha tena. "Ona! Hakuna umeme! Hakuna! Umenivunjia kioo changu kwa ajili ya makelele ya bweni!"

Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye spiriti iliyomwagika. Nilichoweza ni kumnyooshea Godlisten kidole kwamba aizime ile swichi, tafadhali, aizime. Aliizima. Kisha akabaki ameiziba kwa kiganja, kwa hiyo nadhani yeye alishaelewa.

Ningependa sana kuwaambia kwamba umeme ulirudi wakati uleule, pampu ikanguruma, na wote wakaniangukia miguuni. Haukurudi. Tawi la mgrevilea lilikuwa limelala kwenye waya za laini yetu ya juu, na mafundi walilitoa kesho yake asubuhi. Mabweni walikuwa na umeme usiku kucha, sisi tulikuwa gizani. Mtoto yule angeweza kusugua kikombe kile mpaka jioni na asipatwe na kitu.

Daktari alikuja, akavua miwani, akaviangalia vile vipande muda mrefu.

"Kwa nini hukukimbilia swichi?" akaniuliza.

"Yeye alikuwa karibu, Daktari. Swichi ilikuwa mbali."

"Na umeme haukurudi."

"Haukurudi."

Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwamba anaelewa, na kwamba swichi ile haikupaswa kuachwa, akawaambia na wao hivyo hivyo kwa ukali. Lakini vipande alivikusanya mwenyewe kwenye boksi, hakumruhusu mtu amsaidie, na nilimwona mgongo umemwinama. Alikuwa anajua kama mimi kwamba hakuna kioo kingine.

Chuo kizima kilipata habari. Mkononi kila mtu ana simu, jioni tu nilikuwa nimeshapewa jina: Mama Umerudi. Wanafunzi walikuwa wananipita kwenye korido na heshima zao zote, "Shikamoo Mama Umerudi," na mimi naitikia marahaba. Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nilikuwa nakaa kitandani naviangalia viganja vyangu. Kuna siku nilianza kukubaliana nao kwamba labda woga umezidi, labda nimeshakuwa bibi anayekimbia kivuli chake. Halafu nalala, na ndotoni taa nyekundu inawaka, na mkono uko ndani.

Upendo alibadilishiwa mradi, akapewa kitu cha springi na mizani, kazi ya mwaka wa kwanza. Alifaulu. Lakini ile nafasi ya nje alipewa mwingine, wa chuo kingine. Anafundisha sekondari hapahapa Moshi. Tangu siku ile hajawahi kunipa shikamoo, na nyinyi mnajua kwetu hapa kumpita mtu mzima kimya kimya kuna maana gani. Sina la kumlaumu. Alipoteza kitu anachokiona, kwa ajili ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona isipokuwa mimi.

Niliweka sheria baada ya hapo, na nawaachia nyinyi. Anayeingiza mkono kwenye kioo ndiye anayechomoa waya wa umeme wa kisanduku, wote, na kuutia mfukoni mwake mwenyewe. Asimpe rafiki amshikie. Asiuache mezani. Wanafunzi walilalamika kwamba waya ni mnene, unaharibu suruali. Niliwaambia waje na suruali pana.

Siku hizi mmeletewa kisanduku kipya. Umeme ukikatika kinajizima, na ukirudi hakiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe. Kioo chake kipya nacho kina kifuniko ambacho ukikifungua tu kila kitu kinakufa. Nilialikwa kukiona kabla sijastaafu. Fundi kijana aliyenionyesha alisema kwa furaha, "Hiki hakina haja ya kuogopwa, Mama." Nilikwenda stoo nikalia kidogo, sijui kwa furaha au kwa hasira kwamba kimechelewa. Kisha nikarudi nikamwambia achomoe waya hata hivyo, autie mfukoni. Alinitazama kama anavyotazamwa bibi. Akautia.

Nyumbani, umeme ukirudi jioni, wajukuu wanaruka sebuleni, "Umerudi!" Viganja vyangu vinakuwa baridi, na kabla sijajua nimeshamkamata mtoto aliye karibu. Wameshanizoea. Wanasimama tu wananisubiri nimwachie.

Mwezi uliopita nilishuka mjini sokoni. Nilikuwa naangalia nyanya nikasikia sauti naijua, ya kugombana. Upendo. Alikuwa kwenye meza ya parachichi, mtoto mgongoni amelala shingo upande, anabishana na muuzaji kwamba haya ni mabichi, na wakati huohuo anayabonyeza moja moja kwa mikono yote miwili. Nilisimama pale na nyanya yangu. Aliinua macho akaniona. Alinitazama vizuri, akijua ni mimi, halafu akageuza shingo, akachagua maparachichi yake, akalipa, akaondoka.

Muuzaji wa nyanya, kijana, alikuwa ameona. "Bibi, yule dada mmekosana?"

"Ananinunia."

"Tangu lini?"

"Miaka sasa."

"Du! Pole sana, Bibi."

Nikamwambia asinipe pole, anipimie nyanya. Aliyekufa hanuni.